Nizibe ama Nisizibe: Hotuba ya Mheshimiwa Mulongo kwa Wakazi wa Bati Mpya

(Jumamosi ya pili ya Julai, uwanja ulio nyuma ya ploti za mtaa wa Bati Mpya, Njiru, Nairobi. Mheshimiwa alitarajiwa saa mbili asubuhi, amefika saa nne. Baridi inauma. Wananchi wamejifunga leso na mablanketi. Mheshimiwa amevaa koti juu ya koti jingine, na anapanda jukwaani akishikiliwa pande zote mbili.)

Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye hakuweza kufika, mwakilishi wa mwakilishi huyo, ambaye nimeambiwa yuko njiani na amekuwa njiani tangu jana, Bwana Chifu, Naibu wa Bwana Chifu, Mzee Muriuki, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, wachungaji wa makanisa yote, yale yenye kuta na yale yenye turubai, masheikh waliotutembelea kutoka Majengo, kina mama wa chama cha Jumatano, makaretaka wanaosimamia ploti zote, vijana wetu wa bodaboda, ambao nawaomba kwa heshima mzime injini, waandishi wa habari, kama wapo (hawapo), mabibi na mabwana, pamoja na nyinyi wengine. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza ichukuliwe kuwa imezingatiwa.

Niaje, wasee? Karani wangu, Bwana Ndolo, huyu hapa mwenye tai, ameniambia vijana husalimiwa hivyo. (Sauti kutoka nyuma: “Hiyo ilikuwa ya kina buda, ya wazee, Mheshimiwa! Ilienda!”) Basi iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba nimesalimu.

Kwa wale wasionifahamu, ambao ni wachache na wamejitakia, mimi ni Mheshimiwa Zedekiah Mulongo, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Muda ya Upashaji Joto na Upozaji wa Makazi Madogo, kamati ambayo imekuwa ya muda kwa mwaka wa saba sasa bila kukatizwa, na ambayo chini ya uongozi wangu imekutana mara mia moja na tisa, ikaahirisha mara mia moja na nne, na katika ile mikutano mitano iliyobaki ikanichagua mimi tena. (Makofi. Wa kwanza kupiga ni msaidizi wake. Wa pili pia ni msaidizi wake, kwa nguvu zaidi.)

Ndugu zangu, mnakumbuka Februari. Nilikuja hapa hapa, nikasimama juu ya pipa kwa sababu jukwaa lilikuwa limekodishwa kwa harusi, na nikawakuta mmeketi nje ya milango yenu mchana kutwa kwa sababu ndani hakukaliki, bati limepata moto kiasi kwamba mtu angeweza kukaanga mandazi ukutani. Moyo wangu ulisikitika sana, nikiwa ndani ya gari. Ndipo nikatangaza, kwa kauli pana na yenye mashiko, Mradi wa Hewa Nyumbani, yaani kila chumba cha futi kumi kwa kumi kitafungiwa mashine moja ya kisasa, ya bei ya mwananchi wa kawaida, itakayotoa ubaridi Februari na joto Julai, na nikatoa mwongozo mmoja tu, mwepesi, wa kiufundi, kwamba kila mwenye chumba atoboe tundu kwenye ukuta wake wa bati unaotazama barabara, juu ya kitanda, sentimita sitini kwa arobaini, ili mashine ikifika isicheleweshwe na ukuta.

Na nyinyi mkatoboa! Mkatoboa kwa patasi, kwa misumeno, kwa visu vya jikoni, Bwana mmoja pale ploti ya tatu akatumia shoka. Matundu mia nne na kumi na mawili kwa siku tisa! Hakuna mtaa mwingine katika Eastlands nzima, na nathubutu kusema katika ukanda wote huu, uliotoboka kwa kasi na nidhamu kama hiyo. Jipigieni makofi. (Hakuna anayepiga. Mikono iko ndani ya leso.)

(Mwanamke aliyefunga mtoto mgongoni anainua mkono. Ni Kamene, anayejulikana mtaani kama Mama Mbeti, wa chumba nambari kumi na tisa. Mbeti ndiye huyo mgongoni, miezi mitano, na anakohoa.)

Mama, maswali ni mwisho kabisa, baada ya vinywaji. (“Ni moja tu, Mheshimiwa. Hilo tundu, nizibe ama nisizibe?”) Swali zuri sana. Swali zuri mno. Nitalijibu kwa kina, lakini kwanza acheni nilijibu kwa upana, kwa sababu mwananchi hawezi kuelewa tundu lake bila kuelewa ruadimapu, yaani ramani ya mradi, iliyolizaa.

Mnajua, watu wengi hufikiri kuchagua kifaa cha joto na baridi cha nyumba ndogo ni jambo la kuingia dukani, ukauliza bei, ukarudi nyumbani. Huo ni ushamba wa kimkakati. Sisi tulifanya uchambuzi linganishi, shirikishi na endelevu, tukianzia na feni, kwa sababu mtu mwenye chumba kimoja jambo la kwanza linalomjia akilini ni feni, na hilo linamjia kwa kuwa hajahudhuria wokshopu. Kamati yangu, wajumbe kumi na wanne na madereva wao, ilihudhuria. Tulikwenda Mombasa siku kumi na moja kulichunguza joto katika mazingira yake asilia, tukalala katika vyumba vyenye viyoyozi ili tulielewe joto kwa kulikosa, na ripoti yetu, ambayo ina kurasa mia mbili na jalada gumu, inasema wazi kwamba feni haipozi kitu. Feni huichukua hewa ya moto kutoka kwa mama ikaipeleka kwa baba, kisha ikageuza shingo ikairudisha kwa mama. Tukaikataa kwa kauli moja, baada ya chakula cha mchana.

(“Na baridi je?” anauliza Mzee Muriuki. “Sasa ni Julai.”)

Mzee, hata baridi tuliifuata kwake. Tulikwenda Nyahururu siku tisa, tukakaa mbele ya moto wa kuni na supu ya mbuzi mpaka tukaridhika kwamba nje kulikuwa na baridi. Tuliporudi tukaifanyia majaribio hita ya umeme, ile yenye nyaya za kuwaka nyekundu, na tukaifanyia hapa hapa Bati Mpya, ili msiseme mambo yenu yanaamuliwa mbali. Tuliichomeka chumbani kwa Bwana Kimanzi, dereva, mtu mstaarabu, yule anayetazama chini. Hita ikawaka kwa dakika moja na nusu. Kisha ploti nzima ikakosa stima, vyumba ishirini na sita kwa mpigo, ikiwa ni pamoja na kinyozi aliyekuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. (Kicheko. Kijana mmoja anavua kofia, anawaonyesha watu, anaivaa tena.) Tulijifunza mengi. Tulijifunza kwamba soketi moja inayotumiwa na watu wanane haipendi kushangazwa.

Sasa jiko la makaa. Hapa naomba tusitaniane. Jiko la makaa halifai kuingizwa ndani ya chumba kilichofungwa ili watu waote huku wamelala, kwa sababu hewa yake inaua, inaua kimya kimya, nasi tumeshawazika watu kwa sababu hiyo. (Kimya cha kweli, cha kwanza tangu asubuhi.) Nafurahi mmenyamaza. Hiyo ndiyo sentensi moja ya hotuba hii ambayo sikuandikiwa, niliisikia kwa mke wangu.

(Mama Mbeti: “Ndio maana nauliza, Mheshimiwa. Jiko siingizi, naogopa. Hita haiwezekani. Sasa na upepo unaingia pale juu ya kitanda...”)

Mama, tunakuja kwako. Uko katika ajenda. Lakini kabla ya hapo ni lazima nizungumzie, kwa uchungu, suala la fundi Njogu.

Njogu, simama wakuone. (Mwanamume mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi anasimama nusu, anaketi.) Huyu bwana anapiga randa kule Gikomba, na siku moja bila ruhusa ya kamati, bila mwongozo, bila hata cheti cha kuhudhuria, aliingia chumbani kwa Mama Nabalayo akiwa na mbao za kreti zilizotupwa na mablanketi ya mtumba yaliyokosa wanunuzi, akayatandaza mablanketi chini ya bati la paa, akayashikilia kwa mbao kama silingi, akaacha nafasi ndogo juu ya mlango ya hewa kupita, na tundu letu, tundu la mradi, akalipigilia ubao! Kisha akaenda zake nyumbani kula.

Kamati ilikwenda kukagua. Tulitaka kuuona uharibifu. Tuliingia watu kumi na wanne chumbani kwa Mama Nabalayo tukiwa tunatetemeka, na baada ya muda mfupi tukawa tumevua makoti, na baada ya muda mwingine mfupi Naibu Mwenyekiti akawa amelala kwenye kiti. Kipimajoto tulichokwenda nacho kilikataa kushirikiana nasi, kikapanda. (Mama Nabalayo, mwanamke mnene anayeuza samaki, anapaza sauti: “Na Februari kulipoa! Waambie na ya Februari!”) Na Februari kulipoa kidogo, ndiyo, hilo liko kwenye kiambatisho. Lakini ndugu zangu, serikali haiongozwi na usingizi. Tulijiuliza maswali magumu. Kifaa hiki kina plagi? Hakina. Kina rimoti? Hakina. Kina taa ndogo ya kijani ya kuonyesha kwamba kinafanya kazi? Hakina. Kikifika mwisho wa mwaka, nani atapewa kandarasi ya kukihudumia? Na mimi, nikialikwa kukizindua, utepe nitaukatia wapi? Darini? Nipande kwenye kitanda cha Mama Nabalayo na makasi? (“Usithubutu!” Kicheko kirefu.) Kitu kisichoweza kuzinduliwa hakiwezi kuitwa maendeleo. Tulimwandikia Njogu barua ya onyo, na naona bado hajaijibu.

(“Nilifungia nayo misumari,” anasema Njogu.)

Basi, baada ya kuondoa yote yasiyofaa, yaani yote yanayopatikana, tulibaki na chaguo moja, lenye akili, la kisasa, na hilo ndilo mashine yetu, Mashine Unganishi ya Joto-Baridi. Naomba niieleze polepole kwa sababu mambo yake yanazidi akili ya kawaida. Ni nyeupe. Rimoti yake ina vitufe kumi na vinne, na vitatu kati ya hivyo havijulikani kazi yake hata na watengenezaji. Haihitaji stima. Haihitaji makaa wala gesi wala jua. Haina kelele, ukisimama karibu nayo huisikii kabisa. Haichukui nafasi chumbani. Tangu tulipoichagua haijawahi kuharibika hata siku moja, hakuna mkazi hata mmoja aliyeleta malalamiko kuhusu ubovu wake, na kwa upande wa usalama, haijamgusa mtoto, haijamchoma mama, haijamnyima jirani usingizi. Nionyesheni mashine nyingine yoyote jijini Nairobi yenye rekodi kama hiyo! (Msaidizi anapiga makofi. Watu wanatazamana.)

Na takwimu zinathibitisha. Asilimia mia moja ya matundu imekamilika. Asilimia tisini na sita nukta nne ya matundu iko wima. Hitilafu za mashine, sifuri nukta sifuri. Katika dashibodi yetu, Bati Mpya ina rangi ya kijani, na mitaa mingine yote ni myekundu kwa wivu.

Nimeona mnacheka mnapotazama lile bango pale langoni, na nataka tulimalize jambo hilo leo, kwa uwazi. Bango linasema “MRADI HEWA NYUMBANI”. (Kicheko kinalipuka. Mtu anapiga mbinja.) Ngojeni. Ngojeni! Nilipitisha maneno “Mradi WA Hewa Nyumbani”, hewa ile ya kuvuta puani, hewa safi, hewa ya joto na ya baridi. Aliyelichora, Bwana mmoja wa kandokando ya barabara ambaye sitamtaja, aliandika herufi kubwa mno upande wa kushoto, nafasi ikamwishia, akaona aache kile kineno kidogo cha “wa”, akidhani hakina kazi. Sasa imekuwa kila ninapopita nasikia “mradi hewa, mradi hewa”, kama wale wafanyakazi hewa wa kwenye magazeti, ambao majina yao yapo na wao hawapo. Nauliza, herufi mbili tu ndizo zitutenganishe? Kwa “wa” mnanisifu, bila “wa” mnanizomea? Karani Ndolo alipendekeza tulirudie bango. Nikakataa. Nikasema tumebana matumizi. (“Bango ndilo kitu pekee cha kweli hapa!” anasema Mama Nabalayo.) Asante, Mama, kwa kulitambua bango.

(Mbeti anakohoa, kikohozi kirefu chenye mlio ndani yake. Mama Mbeti anamtoa mgongoni, anamweka begani, na safari hii hanyanyui mkono. Anasema tu: “Mheshimiwa, nisikilize. Huyu mtoto ana miezi mitano. Wiki jana tulikuwa hospitalini naye, kifua. Daktari ameniambia upepo usimguse. Nikaziba tundu na gunia. Huyu Ndolo wako akaja na kitabu, akalivuta gunia akaenda nalo, akaniambia nikiziba tena jina langu linatolewa kwenye orodha, sitapata mashine. Nimetoa gunia, mtoto amezidi kukohoa. Nikiliweka, natolewa. Kitanda hakina pengine pa kuwekwa, chumba ni kile kile. Mimi naogopa. Naogopa sana, sitaki kukuficha. Unaniambia nini?”)

Mama Mbeti, umeongea kwa hisia, na mimi kama mzazi nimehisi kwamba umeongea kwa hisia. (“Wacha hizo!”) Kamati haina roho mbaya. Kamati ina utaratibu. Mkazi yeyote anayetaka kuziba tundu lake kwa muda ana haki kamili ya kujaza Fomu ya Maombi ya Uzibaji, inayopatikana ofisini kwetu siku za kazi ambazo ofisi imefunguliwa, akaambatisha nakala ya kitambulisho, barua ya Mzee Muriuki, na picha ya rangi ya mashine ikiwa imefungwa ndani ya tundu hilo. (“Mashine gani?”) Picha ya mashine yako, Mama. (“Sina mashine!”) Basi huoni kwamba bado hujatimiza masharti?

(Minong'ono. Ndolo analegeza tai. Mzee Muriuki amesimama na haketi tena.)

Naomba utulivu. Utulivu, tafadhali! Nina habari njema ambazo nilikuwa nimeziweka mwisho. Wokshopu yetu ya mwezi uliopita, iliyofanyika Naivasha kwa sababu huko kuna ukumbi, imegundua kwamba hewa ikiingia kwa tundu moja huwa inakosa pa kutokea. Kwa hiyo natangaza rasmi Awamu ya Pili. Kila chumba kitatoboa tundu la pili, mkabala na la kwanza! (Mayowe. Mtu analia “Woi!” Kinyozi anaondoka.) Mtanishukuru Februari!

Na tukiwa katika shukrani, naomba tushangilie kwa kauli mbiu, kwa sababu mkutano usio na kauli mbiu ni kama kikao cha familia. Nikisema “Joto”, nyinyi mseme “Lipo”. Joto! (Watu wanakaza leso.) Nikisema “Baridi”... (Umati wote, hata msaidizi: “IPO!”) Hapana, nilikuwa sijamaliza. Baridi... (“IPO!”) ...“imekwisha”! Mnapaswa kusema imekwisha! Mradi wetu! (“HEWA!”) Mradi wetu! (“HEWA!”) Sawa. Sawa. Nimeona ari ipo.

Nimalizie kwa shukrani, kutoka moyoni, na hapa naweka karatasi kando. Nyinyi watu wa Bati Mpya mmenitoa mbali. Wenzangu wana miradi mikubwa, mabwawa, masoko ya ghorofa, na kila mwaka wakaguzi wakija wanatokwa jasho, wanaonyesha msingi, wanaonyesha tofali, wanaonyesha walinzi. Mimi, wakaguzi walipokuja Mei, mvua ilikuwa imenyesha, na wakakataa kushuka garini kwa sababu ya matope. Wakapita polepole pale barabarani na darubini. Wakayahesabu matundu. Na kila tundu wakaliandika mashine moja, imefungwa, inafanya kazi. Mia nne na kumi na mbili! Nilisimama nikaangalia kalamu yao ikienda, nikawaza, hawa watu wangu, watu maskini lakini watiifu, walipoambiwa watoboe upande wa barabarani, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Bila nyinyi, ndugu zangu, ningewaonyesha nini? Mashine yenyewe haijawahi kuagizwa, haina kiwanda, ile picha ya kwenye kijitabu ni jokofu lililolazwa ubavu. Lakini tundu ni lenu, ni halisi, mlilitoboa kwa mikono yenu. Nawashukuru sana. Mungu awabariki.

(Mheshimiwa anatabasamu akisubiri makofi. Anatazama msaidizi. Msaidizi anatazama viatu vyake.)

Nimesema nawashukuru.

(Mama Mbeti amemkabidhi mtoto Mama Nabalayo, ambaye anamwingiza ndani ya koti lake la kuuzia samaki. Kisha Mama Mbeti anatembea, si kwa haraka, anapita mbele ya jukwaa, anaingia ploti yake. Baada ya muda unasikika mlio wa nyundo kwenye bati. Chumba nambari kumi na tisa.)

Nani anagonga? Tuko katikati ya hafla.

(Nyundo ya pili, ploti ya tatu. Ni yule bwana wa shoka. Nyundo ya tatu. Watu wanaanza kuondoka uwanjani mafungu mafungu, wengine wakibeba viti vya plastiki vya mkutano, wakivigeuza na kuvipima kwa macho. Fundi Njogu amefungua sanduku lake juu ya pipa na anagawa misumari kwa kiganja.)

Ndugu zangu! Ngojeni kwanza! Mama Mbeti! Mama, nalijibu swali lako sasa, nalijibu moja kwa moja kama ulivyotaka: usizibe! Usizibe mpaka Jumanne! Wakaguzi wa Awamu ya Pili wanapita Jumanne, ni siku tatu tu, mtoto mvalishe sweta! Rudisheni hivyo viti! Mzee Muriuki, wewe ni kiongozi mwenzangu, waambie! (Mzee Muriuki anatafuta ubao wa saizi yake.) Basi acheni hata mia mbili! Acheni hamsini, ya mbele mbele, ya kuonekana! Acheni moja, jamani, moja tu, la kupigia picha! Ndolo! Ndolo, chukua simu yako, kimbia, piga picha yale ambayo bado hayajazibwa! Ndolo, unanisikia?

(Ndolo anamsikia. Ameivua tai na kuikunja mfukoni. Amepanga foleni kwa Njogu nyuma ya watu wawili, mkono mbele, kwa sababu yeye pia analala Bati Mpya, chumba nambari saba, na kitanda chake kiko chini ya tundu.)